Majina Yaliyosomeka

Ruthi Mhina aliligundua kosa lake Jumatatu asubuhi, saa tatu kasoro, chai ikiwa bado ya moto mezani.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika Kituo cha Tulizo, ofisi ndogo iliyojibana kwenye uchochoro wa Chumbageni, Tanga mjini. Kituo kiliwasaidia wanawake waliokimbia vipigo vya nyumbani. Hakikuwa na bango, na gari lake halikuandikwa kitu. Kilikuwa na kompyuta saba na seva moja, iliyowekwa kwenye chumba kilichokuwa jiko zamani, na ndani ya seva hiyo mlikuwa na folda iliyoitwa "wageni". Kila mwanamke aliyefichwa na kituo alikuwa na faili lake humo: mambo yaliyompata, picha ya mtu anayemtafuta, na mahali alikopelekwa.

Ijumaa diski ya seva ilikuwa imeanza kutoa mlio mbaya, na Ruthi akahamishia kila kitu kwenye diski mpya. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya kazi. Ilipofika saa kumi na moja jioni alikuwa amechoka, na mama yake alikuwa anamsubiri Muheza. Akajaribu kufungua mafaili mawili matatu kwa jina la mshauri mmoja, yakafunguka, akafunga ofisi akaondoka.

Sasa alikuwa anapitia kumbukumbu za seva aone kama diski mpya imekaa vizuri mwishoni mwa wiki. Seva iliandika yenyewe nani kaingia, saa ngapi, kagusa nini. Jumamosi, hakuna kitu. Jumapili, hakuna kitu. Kisha Jumatatu hiyohiyo, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi: mtumiaji fanueli, amefungua folda wageni.

Ruthi akaiweka bilauri chini.

Mistari iliyofuata ilifanana yote. Mtumiaji fanueli, amejaribu kufungua faili, amekataliwa. Amejaribu, amekataliwa. Mara saba, ndani ya dakika tatu.

Mzee Fanueli alikuwa mtunza stoo. Kazi yake ilikuwa magodoro, sabuni, unga na vyandarua, na kwenye seva alihitaji folda moja tu, ya stoo. Ile ya wageni hakupaswa hata kuweza kuichungulia.

Ruthi akaandika amri ya kuonyesha ruhusa za folda ile, akabonyeza. Ukatokea mstari wenye herufi na vistari: drwxr-xr-x.

Katika seva ile kila faili na kila folda ilikuwa na ruhusa za watu wa aina tatu: mwenyewe mmiliki, kundi lililokabidhiwa, na wengine wote waliobaki. Kila mmoja aliweza kupewa au kunyimwa mambo matatu, kusoma, kuandika na kuendesha, na herufi r, w na x ndizo zilizosimama badala ya hayo. Zile tatu za mwisho kwenye mstari zilikuwa za wengine wote. Kwenye folda ya wageni zilitakiwa ziwe vistari vitatu vitupu. Zilisomeka r-x. Mtu yeyote aliyekuwa na jina la kuingilia kwenye seva aliweza kupita.

Alikumbuka mara moja ilivyotokea. Mafaili yenyewe aliyahamisha pamoja na ruhusa zake, lakini folda aliitengeneza upya kwa mkono kwenye diski mpya, na folda mpya huzaliwa na ruhusa za kawaida, zinazoruhusu kila mtu kuingia na kutazama. Alitakiwa kuifunga mwenyewe. Hakuifunga.

"Lakini mafaili yalikuwa yamefungwa," alijisemea kwa sauti, kama kwamba kuna mtu chumbani wa kumshawishi. Akayakagua. Kweli, yote kumi na manne yalikuwa ya mkurugenzi na kundi la washauri, na wengine wote hawakuwa na hata herufi moja. Fanueli aligonga mara saba, akanyimwa mara saba. Hakusoma hata neno.

Akashusha pumzi. Akaifunga folda kwa amri moja fupi, akainua bilauri yake. Alipotupa tena macho kwenye kioo cha kompyuta, aliona lile faili ambalo Fanueli alikuwa analing'ang'ania. Lilikuwa moja tu, mara zote saba. Jina lake lilikuwa Beatrisi_Mkwaja_kwa_Kazija.

Kusoma faili ni kuona yaliyoandikwa ndani. Kusoma folda ni kuona majina ya vilivyomo, basi. Ruthi aliijua tofauti hiyo tangu mwaka wa kwanza chuoni. Washauri walikuwa na mazoea ya kuyaita mafaili hivyo, jina la mwanamke, kijiji, na mwenyeji wake, ili wayapate haraka. Yeye aliyaona majina hayo kwa miaka miwili na hakusema kitu, kwa sababu folda ilikuwa imefungwa. Fanueli hakuhitaji kufungua faili. Alichokihitaji kilikuwa kimeandikwa mlangoni.

Kwa muda mfupi, labda nusu dakika, Ruthi alikaa mkono ukiwa juu ya kibodi akiwaza jambo ambalo baadaye alilionea aibu. Yeye ndiye msimamizi mkuu wa seva. Hakuna ruhusa iliyomzuia. Angeweza kufuta mistari ile ya asubuhi, na folda tayari ilikuwa imefungwa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kwamba Ijumaa iliachwa wazi. Kisha akamfikiria Beatrisi, ambaye hakuwahi kumwona ana kwa ana ila picha ya mkono wake uliounguzwa kwa pasi, akainuka na kukimbilia ofisi ya mkurugenzi.

Mama Praxeda alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, aliyewahi kuwa muuguzi. Alimsikiliza Ruthi bila kumkatiza.

"Sema tena hapo mwisho," alisema.

"Niliiacha folda wazi tangu Ijumaa, Mama. Ni mimi. Mzee Fanueli ameona majina yote. Anamtafuta Beatrisi."

Praxeda hakupoteza muda kumlaumu. Aliwaita washauri wawili waliokuwapo akawaambia wapige simu kwa wenyeji wa wale wengine kumi na watatu, mmoja mmoja, wawaambie wasitoke ndani mpaka wapate habari nyingine. Yeye akapiga ya Kazija, kule Mkwaja. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

"Kaniitie Fanueli," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mzee Fanueli alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mzee wa kanisa, mpole, ambaye kila Krismasi alimletea Ruthi mihogo kutoka shambani kwake. Alipoona sura zao alielewa, na hakujaribu kukana.

"Ni Abrahamu," alisema. "Alikuwa mwanakwaya wetu kabla hajahamishiwa kazi Horohoro, mpakani. Mama, yule kijana amelia mbele yangu. Amepiga magoti. Anasema anataka kumwomba mkewe msamaha tu, basi. Mimi niliapa mbele ya madhabahu kwamba nitasimamia ndoa yao. Leo nimekuja kuangalia orodha ya vyandarua, nikaona folda ile inafunguka. Nikasema, hii ni njia Mungu ameifungua."

"Umemwambia?" aliuliza Praxeda.

"Nimempigia."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi."

"Umemwambia nini hasa, Fanueli? Neno kwa neno."

"Mkwaja. Kwa Kazija." Fanueli aliwatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. "Alishukuru sana. Kasema anapanda pikipiki sasa hivi."

Praxeda akafungua droo, akatoa picha iliyochapishwa kutoka kwenye faili, akaiweka mbele yake. Ilikuwa picha ya mkono. Kuanzia kiwiko mpaka kifundo, pasi ilikuwa imeacha alama tatu kwenye ngozi, kila moja na ncha yake.

"Huyu ndiye anayeombwa msamaha," alisema.

Fanueli aliitazama picha, akakaa chini sakafuni pale pale, mgongo ukutani. Hakuna aliyemwinua.

*

Kutoka Horohoro mpaka Tanga mjini ni mwendo wa saa moja na zaidi, na kutoka Tanga mpaka Pangani, penye kivuko cha kuendea Mkwaja, saa nyingine. Abrahamu alikuwa amewatangulia, lakini yeye alianzia mpakani. Praxeda alipiga hesabu hiyo kwa sauti huku akiendesha gari mbio kwenye barabara ya Pangani, Ruthi kando yake na simu sikioni. Simu ya Kazija ilikuwa haipatikani mara ya ishirini. Polisi wa Pangani walipokea mara ya kwanza. Abrahamu alikuwa na kesi Tanga, na mara mbili alikuwa hakutokea mahakamani. Hati ya kumkamata ilikuwapo. Wakasema wanakusanya askari na watavuka mto.

"Anakujua sura?" Ruthi aliuliza.

"Mimi ananijua. Alikuja ofisini mwaka jana, akapasua kioo cha dirisha. Wewe ulikuwa hujaanza kukaa mbele. Hakujui."

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na sasa ilikuwa imepumzika. Walifika kwenye kivuko cha Pangani saa nne na nusu. Pantoni lilikuwa bado upande wa huku, likipakia. Abiria walitakiwa kushuka na kuingia kwa miguu, dereva peke yake abaki ndani ya gari. Ruthi akashuka, akakanyaga chuma chenye utelezi, akainua macho, na pikipiki ya tatu kutoka mbele ilikuwa na mtu aliyekuwa ameketi kiupandeupande, kofia ya kuendeshea ikiwa mapajani.

Ruthi alikuwa ameiona picha yake. Kwenye picha alikuwa na masharubu, sasa hakuwa nayo, lakini masikio yalikuwa yaleyale. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, shati lake limepigwa pasi. Nyuma ya kiti chake alikuwa amefunga mfuko wa plastiki wenye doti mpya ya kanga.

Ruthi aligeuka taratibu kuelekea gari. Praxeda alikuwa amekwisha kumwona. Alikuwa amejifunika kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, ameinamisha uso kwenye usukani kama mtu anayesinzia. Simu ya Ruthi ikatetemeka. Ujumbe wa Praxeda ulisema: *Usinitazame. Usikae karibu na gari.*

Akaenda kusimama kwenye ukingo, mbali na gari. Ndiyo maana alijikuta karibu na pikipiki.

Mlango wa chuma ukainuliwa, pantoni likaanza kusogea. Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya udongo yakibeba majani ya minazi. Ruthi aliushika ukingo kwa mikono miwili, akaangalia ng'ambo, Bweni, ambako kulionekana karibu lakini hakufikiki.

"Dada, habari za asubuhi."

Hakutaka kugeuka. Aligeuka.

"Nzuri," alijibu.

"Samahani kukusumbua. Wewe ni mwenyeji wa upande huu?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu. Ilimwogopesha Ruthi kuliko kama angefoka.

"Kiasi."

"Naelekea Mkwaja, sijawahi kufika. Nina mgonjwa wangu kule, nasikia yupo kwa mama mmoja anaitwa Kazija. Hujapata kumsikia?"

"Kazija," Ruthi alisema, na ulimi ukamtangulia kabla ya akili. "Yule mama wa Kipemba?"

Uso wa mtu yule ukachangamka. Ruthi alitamani ameze maneno yake. Alikuwa amempa jambo ambalo hakuwa nalo. Kijijini angeuliza nyumba ya Mpemba, na mtoto yeyote angemwonyesha.

"Huyo huyo, nadhani," Abrahamu alisema. "Unamfahamu!"

"Namfahamu kwa sura." Akavuta pumzi. "Ila kwa Mkwaja hutampata. Alihama. Tangu kabla ya Ramadhani yuko Kipumbwi, kwa mdogo wake. Ukipita Ushongo ukaendelea, utaona njia ya kushukia pwani. Ukifika pale kwenye soko la samaki uliza."

Abrahamu alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, akiwa bado na tabasamu. Ruthi alitaka kulitazama tena gari, akajizuia.

"Kipumbwi," mwishowe alisema Abrahamu. "Haya. Mungu akubariki, dada. Na wewe unakwenda wapi?"

"Ushongo. Hotelini."

"Unafanya kazi gani?"

"Kompyuta." Safari hii lilikuwa jibu la kweli.

"Kompyuta!" Alitikisa kichwa, kama aliyesikia jambo la kufurahisha. "Siku hizi kila kitu kimo humo, sio?"

Pantoni likagusa ukingo wa Bweni kwa kishindo. Pikipiki zikatoka kwanza. Abrahamu alivaa kofia yake, akampungia Ruthi mkono, akapotea kwenye kona ya minazi. Ruthi aliingia garini, akafunga mkanda.

"Umemwambia nini?" Praxeda aliuliza.

"Kipumbwi."

"Ameamini?"

"Sijui, Mama. Wallahi sijui."

*

Barabara ilikuwa na tope, na kila mahali walipoiona alama ya tairi jembamba walinyamaza. Kwenye njia panda ya Kipumbwi Praxeda akasimamisha gari, Ruthi akateremka kutazama. Alama ya pikipiki ilikata kushoto, kuelekea pwani. Lakini zilikuwa alama nyingi, za asubuhi nzima. Hazikuthibitisha kitu.

Walifika Mkwaja saa sita kasorobo. Nyumba ya Kazija ilikuwa ya mwisho upande wa bondeni, ya udongo, yenye paa la bati na uwanja uliofagiliwa. Beatrisi alikuwa kibarazani anasuka ukili. Alikuwa Msambaa kutoka Lushoto, mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi, na alivaa mikono mirefu ingawa joto lilikuwa kali. Hakuwatambua mara moja, ila alisikia gari likija mbio, na walipofunga breki alikuwa tayari amesimama, mgongo kwenye mlango.

Alipomtambua Praxeda hakusalimia. "Amejua," alisema. Haikuwa swali.

"Amejua. Chukua vitu vyako."

"Yuko wapi?"

"Nyuma yetu. Au Kipumbwi. Haraka, Beatrisi."

Akaingia ndani akatoka papo hapo. Begi lake lilikuwa limefungwa siku zote, nyuma ya mlango.

Kazija alitokea uani, mama mzee mwenye mgongo ulionyooka, kitambaa cheupe kichwani. Ruthi akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mwaja mbio mbio, kuna nini?"

Praxeda akamweleza kwa maneno machache na kumwomba waondoke wote. Kazija alisikiliza, akatazama nyumba yake, kuku wake, mpunga uliotandazwa juu ya jamvi.

"Nyie nendeni na mtoto wa watu," alisema. "Miye siendi. Huyo mume si wangu. Atanifanya nini miye, kizee?"

"Bibi, ni mtu mbaya," Ruthi alisema. "Na simu yako haipatikani tangu asubuhi."

"Niliizima, naogopa chaji kwisha. N'taiwasha. Akija n'tawapigia, na hapa nina majirani. Nendeni!"

Walimbembeleza. Praxeda alimshika mkono, Kazija akautoa taratibu. Kila dakika waliyobaki pale ilikuwa ya Abrahamu. Hatimaye Praxeda alikwenda nyumba ya jirani akawaambia waliokuwapo wakae karibu na bibi, polisi wako njiani. Kisha akarudi, akawasha gari. Hawakuthubutu kurudi kwa barabara ya Pangani. Wakachukua ya kusini, kuelekea Saadani.

Beatrisi alilala chini nyuma ya viti, ingawa hakuna aliyemwambia. Baada ya kama nusu saa akasema, kutoka huko chini: "Nani alisema?"

Ruthi aligeuka. Aliona jicho moja tu na sehemu ya shavu. "Mtunza stoo wetu ndiye aliyemwambia. Lakini mimi ndiye niliyeacha jina lako mahali ambapo angeweza kulisoma. Ilikuwa kazi yangu kulifunga."

"Kwa makusudi?"

"Hapana. Nilisahau."

Gari liliruka shimo, Beatrisi akagonga kichwa, hakulalamika.

Simu ya Praxeda ikaita. Ilikuwa juu ya dashibodi, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Kazija. Praxeda alikuwa anakwepa dimbwi, kwa hiyo Ruthi akaipokea na kuweka sauti.

"Bibi! Uko salama?"

Kwanza ulisikika upepo tu, na kuku. Kisha sauti ya chini, ya adabu.

"Dada wa kompyuta," ilisema. "Kipumbwi hakuna Kazija."

Beatrisi alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mwambie mke wangu nimemletea kanga. Ameziacha ovyo hapa ndala zake. Mwambie bibi yake ni mkaidi sana." Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke mzee, si kilio, ni kama mtu aliyekatwa pumzi. Kisha sauti za watu wengi kwa pamoja, wanaume wakiita, kishindo, na simu ikakatika.

Praxeda alisimamisha gari katikati ya barabara. Wakapiga. Iliita, haikupokelewa. Wakapiga tena. Pembeni mwa barabara nyani walikuwa wanapita na watoto wao, hawana habari, na Ruthi aliwatazama hao nyani huku simu ikiita, ikiita. Alikuwa na hakika kwamba amemuua mtu.

Dakika kumi na moja baadaye ilipokewa. Alikuwa jirani. Vijana wa kijiji walimkuta Abrahamu amemgonga bibi kwa mpini wa jembe, wakamwangusha na kumfunga kamba. Askari walikuwa wamewasili wakati huohuo. Bibi alikuwa hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Beatrisi ndiye aliyelia, peke yake, chini nyuma ya viti, na kilio chake kilikuwa kikubwa.

*

Abrahamu alifikishwa mahakamani Tanga akiwa na kesi mbili badala ya moja, na safari hii hakupewa dhamana. Mzee Fanueli hakurudi kazini. Alileta funguo za stoo kwenye bahasha, akaziacha mapokezi bila kumwona mtu. Beatrisi alipelekwa mahali ambapo Ruthi hakuambiwa, na hakuuliza.

Ruthi aliandika maelezo ya kosa lake kurasa mbili, akayasoma mbele ya wafanyakazi wote. Alibadilisha majina ya mafaili yakawa namba. Kisha akafanya jambo jingine: akayafungia yale mafaili kwa nywila ambayo Praxeda aliichagua mwenyewe, Ruthi akiwa nje ya chumba, ili hata msimamizi mkuu wa seva, anayepita kila mahali, akiyafungua aone takataka tupu za herufi zisizosomeka. Kwa wiki kadhaa bado aliamka kila alfajiri na kuingia kwenye seva kwa simu, akasoma zile herufi kumi za folda ya wageni, akatoka. Baada ya saa moja alirudia tena.

Siku ya nane Kazija alikuwa bado hospitalini Tanga, mkono umefungwa plasta mpaka begani. Ruthi alikwenda na uji kwenye chupa ya chai. Alikuwa amejiapiza kusema yote, na akayasema, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda: diski, Ijumaa, folda, majina. Hakujua bibi alielewa kiasi gani. Alitumia maneno mepesi kadiri alivyoweza.

Kazija alisikiliza macho yakiwa dirishani.

"Na jina langu pia lilikuwamo humo?" aliuliza.

"Lilikuwamo, bibi. Jina lako na kijiji chako."

"Watu wangapi walokuwa wakilisoma?"

"Mkurugenzi na washauri wanne. Na mimi."

"Watu sita." Kazija alifikiri kidogo. "Siye tulikubaliana na Praxeda nikae na mtoto wa watu. Hilo nililiridhia. La kuandikwa, hamkuniuliza."

Katika miaka miwili ya kugawa ruhusa, nani asome, nani aandike, nani apite, Ruthi hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mwenye jina naye alikuwa na ruhusa ya kuombwa.

"Hatukukuuliza," alisema mwishowe.

"Basi," Kazija alisema. Akaigeuza shingo kwa taabu, akaangalia ile chupa. "Huo uji una tangawizi?"

"Una tangawizi."

"Nipe, maana mkono huu wa kushoto haujui kijiko."

Ruthi akamimina kwenye kikombe, akapuliza, akamshikia.